Uso wa Mwenye Nyundo

"Huyo Pilato ni Masele, karani wa chama cha ushirika," alisema Otmar, fundi wa sanamu, akimwonyesha kwa mwiko. "Nilimwambia kazi yake kunawa mikono tu, akakubali niifinyange sura yake. Kwa Simoni, wa kumsaidia Bwana msalaba, waligombana. Ila wa kushika nyundo sikumpata upesi."

"Kamili alikubali," alisema Mbuke.

"Alikubali huku anacheka."

Walipanda kilima cha misheni taratibu, kituo hadi kituo cha Njia ya Msalaba, katikati ya mikaratusi. Sanamu zilikuwa za saruji, kubwa kama watu, na jua lilikuwa limeanza kula rangi zake. Mbuke alikuwa ametoka Bugarama juu ya lori la pamba. Alipiga ishara ya msalaba kila waliposimama, lakini macho yake yalitangulia mbele.

Mvua za mwaka jana, shimo la dhahabu lilimfukia Kamili na wenzake, na hakuna aliyetolewa. Kamili hakuwahi kupigwa picha. Mwanzoni Mbuke aliuona uso wa mwanawe kila alipofumba macho. Siku hizi alipata sikio tu, au shavu linalotafuna, kisha basi. Ndipo alipokumbuka kwamba uso ule upo mahali, nje kabisa, kila mpita njia anautazama. Yeye ndiye hakuwahi kuja. Alimnunia Kamili kwa kukubali kumpigilia Bwana misumari, na alikuwa bado amenuna shimo lilipoanguka.

Karibu na kituo cha kumi na moja, Otmar alisimama.

"Mama Kamili, ngoja kwanza."

"Kuna nini, fundi?"

"Ijumaa Kuu watu wanakuja na uchungu. Wanaimba, wanalia. Wakimfikia mwenye nyundo, wanaokota mawe. Padri amekataza mpaka amechoka."

Mbuke alimpita.

Askari alikuwa amepiga goti, nyundo juu. Mkono ulikuwa wa Kamili, hata kile kidole kilichopinda. Juu ya shingo palibaki donge lililochimbika, na waya ulitokeza mahali pa pua. Mawe yalikuwa yamelundikana miguuni pake.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Ningekuja Ijumaa hiyo," alisema, "ningerusha na mimi."

Otmar alikwenda bandani, akarudi na karai.

"Nimebakiza saruji kidogo ya mgao. Nitamrudishia uso. Ila nimefinyanga watu wengi tangu wakati ule, na huyu amenitoka akilini. Wewe niambie alivyokuwa."

Alichekecha mchanga, akachanganya, akalilowesha donge.

"Pua?"

"Ya baba yake."

"Baba yake simjui."

"Ilikuwa pua nzuri tu."

"Macho je? Yaliingia ndani?"

Mbuke alifungua mdomo. Likaja sikio. Likaja shavu.

"Saruji inaanza kukaza, mayu, mama yangu," alisema Otmar kwa upole.

"Nipe mimi." Alikunja mikono ya gauni. Tangu usichana alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake viliuzwa hadi Kagongwa. "Huyu nilimwogesha kwa mikono hii. Yenyewe itajua."

Akapiga magoti, akalijaza donge saruji, akafumba macho. Viganja vilianza kwenda. Vilizunguka, vikashuka, vikapanda, kidole gumba kikafuta kila ufa kiliokutana nao. Pumzi yake ikatulia kama anapokuwa nyumbani, kwenye kazi yake. Otmar aliacha kuchanganya, akatazama.

Alipofumbua macho, juu ya shingo ya askari palikuwa na kitu cha mviringo, laini, kisicho na kovu wala tundu, kama chungu kinachongoja kuchomwa.

"Nichonge macho?" aliuliza Otmar. "Bado kidogo saruji itakataa."

Mbuke alikuwa ameweka viganja vyote viwili pale ambapo mashavu yangekuwa, na hakuviondoa. Otmar akachota maji kwa kopo, akaanza kunyunyiza saruji isije ikapasuka kwa jua, na maji yakapita katikati ya vidole vya mama, yakashuka shingoni mwa askari.