Boti Iliyombeba Meya

Jumatano ya tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Oreste na mkewe Delfina walikuwa wanazunguka vijiji vya pwani, likizo yao ya kwanza tangu Oreste astaafu kwenye kinu cha mpunga kule Vercelli. Kila kijiji Delfina alikitoa kasoro, huku ngazi nyingi, kule samaki wadogo. Torrenera ndicho alichokipenda.

Wakala pweza kwa viazi pale ufukweni. Mara Delfina akavua gauni, ndani kavaa nguo ya kuogelea.

"We mama, umetoka kula sasa hivi!"

"Mama yangu alishakufa, Oreste. Umeshika zamu yake?"

"Mtu akishakula hagusi maji mpaka yapite masaa matatu. Hata mtoto mdogo anajua."

"Basi kaa hapo unihesabie." Akaingia baharini anacheka.

Alipotoka, rangi imemtoka usoni, mkono uko kifuani. Ufukwe mzima ukajua ugonjwa papo hapo: maji ya baridi yamekikuta chakula tumboni.

"Si nilikwambia?" Oreste akasema.

Bibi mmoja wa mwavuli wa jirani akaleta maji ya moto yaliyochemshwa na maganda ya limau. Delfina akanywa, akatapika, akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi.

"Ni baridi hiyo, mwanangu. Kunywa tena."

Akanywa tena. Wakamfunika taulo, wakangoja tumbo litulie. Halikutulia, na Oreste akapiga simu ya dharura.

Barabara ya Torrenera ilikuwa imefungwa tangu kilima kiporomoke wakati wa baridi, na halmashauri kila mwezi iliahidi kuifungua mwezi ujao. Treni ilikuwa ya jioni. Kwa mgonjwa kulibaki boti ya uokoaji, na boti yenyewe ilikuwa baharini, imepambwa maua, imembeba meya, paroko na wageni wao, inafuata sanamu ya Bikira Maria kwenye maandamano. Bendi ilikuwa inapiga, redio ya boti hakuna aliyeisikia. Oreste akakimbilia gatini akapunga taulo kwa nguvu zake zote.

Waheshimiwa nao wakampungia mikono.

Delfina alikata roho kabla sanamu haijarudi kanisani. Daktari alisema ni moyo, wala si tumbo.

Tangu hapo, kila sikukuu hiyo inapofika Oreste hupanda treni mpaka Torrenera na kusimama palepale gatini. Safari hii alimwahi Meya Gandolfo kabla hajapanda boti. Meya ni yuleyule. Watu wa namna ile hawang'oki.

"Mheshimiwa, nani aliitoa boti ya uokoaji iende kwenye maandamano siku ile?"

"Pole sana, mzee wangu. Tulishalizungumza hili."

"Ulizungumza wewe. Mimi nauliza jina."

Meya akamshika bega, akashusha sauti. "Na nyinyi kule ufukweni, mlikaa muda gani na limau kabla ya kupiga simu?"

Oreste akatazama maji. Yule bibi wa limau alikuwa amesimama pembeni na mshumaa wake, akageuza uso. Bendi ikaanza, meya akapanda, kamba ikafunguliwa.

"Kosa la limau niachie mimi!" Oreste akapaza sauti. "Boti nani aliitoa?"