Mama Herufi Mwenye Sharubu

Jumatatu asubuhi mpangaji wa kurasa alimaliza kalenda ya muuza matairi, akaikagua mwezi kwa mwezi, akasogeza nembo kidogo kushoto, kisha akaiamuru programu itoe faili la kupeleka kwenye mtambo wa kuchapa. Kisanduku kikafunguka kumwuliza faili liitweje. Kama kawaida kilikuwa kimeshajijibu chenyewe, na kama kawaida kilikuwa kimekosea: kilipendekeza "Mama Herufi". Akafuta, akaandika "kalenda ya matairi", akabonyeza, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Kosa hilo lilikuwa na asili yake. Katika kampuni ile ya uchapishaji hakuna aliyeanza kazi kwenye ukurasa mtupu. Ukipewa kazi mpya ulifungua faili la kazi ya zamani, ukakomba yaliyomo, ukamimina mapya, maana kingo na ukubwa wa herufi vilikuwa vimeshapangwa vizuri na hakuna aliyetaka kuhangaika navyo tena. Faili lililozaa mafaili yote lilikuwa la kitabu cha kujifunzia kusoma, cha watoto wa darasa la kwanza, na programu ilikuwa imeling'ang'ania jina lake. Chochote ulichotoa, iwe kadi ya harusi au tangazo la dawa ya kunguni, kisanduku kilitaka kukiita kwa jina la kitabu kile. Watu walifuta na kuandika upya miaka nenda miaka rudi, bila hata kuguna.

Kitabu hicho kiliandikwa na kupangwa na dada yake mpangaji, tumbo moja, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Herufi kwa sababu alizikemea herufi zilizokaa vibaya utadhani amezizaa yeye. Aliugua kitabu kikiwa karibu kuchapishwa. Dada akiwa angali kitandani, bosi alikichapisha kwa jina lake yeye bosi. Kila mtu ofisini alijua, na kila mtu alimeza mate akanyamaza. Mama Herufi alionyeshwa nakala moja, akaigeuza mbele na nyuma, akaomba ashushiwe mto kichwani, na wiki ile ile akafariki. Siku iliyofuata maziko kisanduku kiliacha kupendekeza jina la kitabu, kikaanza kupendekeza jina lake. Mdogo wake ndiye aliyerithi kiti, kompyuta na kazi ya kufuta.

Alimrithi na mama. Mama yao alihamia kwake baada ya msiba, akawa anashinda kwenye kiti kilichotazama mlango, na hakutoka nje tena. Kitabu aliapa hatakigusa mpaka kiwe na jina la mwanawe. Mpangaji alimwahidi kwamba siku hiyo itafika. Aliahidi kwa sababu alimpenda mama yake, si kwa sababu alijua atafanyaje.

Siku chache baada ya Jumatatu ile muuza matairi alirudi kusema Jumapili anazitaka nyekundu. Mpangaji alizipaka rangi, akatoa faili upya, na kwa haraka zake akabonyeza bila kufuta. Kalenda zilitoka mtamboni safi. Ila pale palipokuwa na jina la muuza matairi palisomeka Mama Herufi, kwa wino uleule na herufi zilezile. Haikupita wiki mwenyewe akaja na moja kwapani.

"Dada, kazi yenu nzuri," alisema. "Lakini wateja wananiita Mama Herufi, na wengine wananipa pole ya kuugua. Nirudishieni jina langu, tafadhali."

Mpangaji alitoa faili tena kwa jina sahihi, kalenda zikachapishwa upya, na muuza matairi akawa yeye tena. Alishukuru, akauliza kama wanachapisha na bahasha, akaenda zake. Mpangaji alirudi kwenye kiti, habari hiyo kaiweka kifuani.

Mwezi huo huo bosi alitangaza toleo jipya la kitabu. Alileta picha yake ya kuweka nyuma ya jalada, kafunga tai, sharubu zimechanwa, pamoja na ukurasa wa maisha ya mwandishi ambamo alieleza jinsi wazo la kitabu lilivyomjia akiwaangalia watoto wakicheza. Mpangaji alibisha hodi ofisini kwake.

"Bosi, toleo hili tuweke jina la dada."

"Dada yako, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyakazi wangu," alisema bosi. "Kazi ya mfanyakazi ni ya ofisi."

"Basi tuandike jina la ofisi."

Bosi akacheka. "Bibie, marehemu hasomi majalada. Nenda kamalizie, mtambo unasubiri."

Alirudi kwenye kompyuta. Alikuwa amemchukia bosi muda mrefu, lakini chuki ile alishaizoea, alilala nayo na kuamka nayo. Sasa alitaka bosi aumie. Alitaka aporwe jina mchana kweupe, watu wakiangalia, aone utamu wake. Akatoa faili la jalada bila kufuta. Akatoa ukurasa wa maisha ya mwandishi bila kufuta. Akafungua na kadi za bosi za kugawia wageni, na kibao cha mlango wake, navyo akavitoa hivyo hivyo, kila kisanduku akikibonyeza kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

Vitu vyote vilipotoka mtamboni, mlinzi wa getini alimfungulia bosi akainama kidogo. "Shikamoo mama," alisema. "Afya inaendeleaje?" Mhasibu alimwandikia barua ya kumkaribisha tena kazini baada ya ugonjwa. Mke wa bosi alipiga simu akamwuliza kwa adabu kama mume wake yupo karibu.

"Ametoka," alisema bosi.

Alikwenda chooni akajitazama kwenye kioo. Sharubu zilikuwapo, na tai pia. Hazikumzuia mtu kumwita mama. Mpangaji alimwona akirudi amenyong'onyea, akafurahi, wala hakuona haya kufurahi. Siku hiyo alikula chakula cha mchana akamaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Jioni alimpelekea mama yake nakala ya toleo jipya. Mama alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya jina la mwanawe kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akalia kidogo. Kisha akakigeuza kitabu, akaiona picha ya nyuma.

"Kumbe yupo," alisema. "Na mlikuwa mnanificha."

Asubuhi alitafuta viatu vyake uvunguni, akapika uji, akautia bakulini, akalifunga bakuli kwa kitambaa, akaenda ofisini. Alikipita kiti cha binti yake bila kusimama, akaelekea mlango wa bosi.

"Mama, huyo ni bosi," alisema mpangaji, akimfuata.

"Mwanangu nimemzaa mimi. Wewe utanijulisha?"

Akaingia, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi. Rangi ilimrudia usoni. Nyumbani alianza kuimba akiosha vyombo, na kile kiti chake akakigeuza kikatazama dirisha.

Bosi alikuwa tayari ameagiza fundi wa kompyuta. Fundi alikuja na mkoba wake, akafungua lile faili la mwanzo, akapekua kidogo, akaona.

"Si kazi kubwa," alisema. "Jina limeganda ndani humu. Nikilitoa, kila faili litapendekeza jina lake lenyewe, na yaliyokwisha kuchapishwa yatarudi kuwa ya wenyewe."

Lakini siku zile bosi alikuwa amegundua mambo. Walimu waliokuwa wakimkwepa sasa walimjia na zawadi, wakimsifu Mama Herufi kwa kazi yake. Maagizo ya shule yaliongezeka. Hata wafanyakazi waliokuwa wakisonya akipita waliacha, kwa kuwa jalada lilikuwa na jina lililostahili na mwenye jina alikuwapo ofisini, anakunywa uji. Alitoka akasimama mlangoni, kibao kipya kikiwa juu ya kichwa chake.

"Usirekebishe chochote," alimwambia fundi. "Nimeshazoea." Kisha akamgeukia mpangaji. "Ulitaka jina la dada yako liwekwe. Limewekwa. Kuna mwingine anayedai?"

Bosi akarudi ndani, ambako mama alikuwa anamsubiri na kijiko. Fundi alibaki amekaa, kidole juu ya kitufe.

"Mimi naweza kulitoa hata sasa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye atajuaje? Ila jalada litarudia jina la bosi."

Mpangaji alisikia mama yake akicheka nyuma ya mlango. Alifikiria kumvua bosi jina lile, na kelele atakazopiga bosi siku mke wake atakapomtambua. Akafikiria tena mama atakavyokirudisha kitabu mezani, na kuvivua viatu, na kukigeuzia mlango kile kiti. Alimchukia bosi wakati huo kuliko siku nyingine yoyote.

"Funga mkoba wako," alimwambia fundi.

Fundi aliondoka. Baada ya muda mlango wa bosi ukafunguka, mama akatoka akiwa na bakuli tupu, amechangamka.

"Dada yako amenenepa," alisema. "Chakula sasa kinapita. Na wewe umekaa hapa umenuna tangu asubuhi, hujaenda hata kumwamkia mkubwa wako. Nimewafundisha hivyo mimi?"

Mpangaji alijifuta mikono kwenye sketi, akaingia.

"Shikamoo dada," alisema.

"Marahaba," aliitika bosi, bila kuinua uso kwenye karatasi zake.