Doa Jeupe Kwenye Lebo

Mpiga chapa alifungua tumbo la mashine akachovya kidole. Unga mweusi wa tona, wino wa mashine ya kuchapia, ulimganda kama kawaida, lakini ndani yake alisikia kitu kama mchanga. Zilikuwa chembe za chuma. Kazi ya chembe hizo ni kuubeba unga mpaka kwenye dramu, mche unaoipiga karatasi chapa, kisha zenyewe zibaki ndani. Leo zilikuwa zimetapakaa kila mahali.

"Mjomba, tona mpya umeichanganya na chembe za zamani?"

Mjomba, mwenye duka, alikuwa akimmenyea chungwa, maana alijua hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. "Tona si tona tu? Nikaona chembe bado nzima, tuzitupe za nini? Kula kwanza, mama."

"Haziivi chungu kimoja, Mjomba. Unga huu hauzishiki, chembe zinabaki uchi, zinaruka mpaka kwenye karatasi. Kila inapotua, inaikinga karatasi, na wino haufiki."

Aliinua mwangani karatasi iliyobaki ya lebo alizoichapia zahanati asubuhi, za dawa ya homa ya watoto. Ilijaa madoa meupe, kila moja dogo kama tundu la sindano. Kwenye mstari wa kipimo, doa lilikuwa limeimeza nukta. Mililita 2.5 zilisomeka 25.

Mwanawe alikuwa nyumbani na homa, na mama mkwe ndiye aliyekwenda kumchukulia dawa.

Akapiga simu. "Mama, mtoto umempa dawa?"

"Nimempa. Amelala fofofo, maskini."

"Umempa kiasi gani?"

"Mbona unapiga kelele? Imeandikwa kama vijiko vitano! Nikasema, hawa wanataka kumlewesha mjukuu wangu? Hata mimi na uzee huu ningeanguka. Nikampa nusu kijiko, kama mara ile."

Mpiga chapa akakaa chini palepale, akalia. Mjomba akamwekea chungwa mkononi, akamfunika vidole kwa vyake.

"Yameisha, mama. Yameisha."

Lakini mpiga chapa alikuwa amekwisha kupiga simu zahanati. Mgawa dawa alipokea kwa uchangamfu.

"Lebo zako? Zimekwisha zote, dada! Leo homa imeingia kila nyumba, akina mama hawakatiki dirishani. Tuletee nyingine."

Alipomweleza, yule mtu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba dawa ile ikizidi mtoto hulala asiamke, na kwamba anafunga dirisha na kuanza kuwapigia wenye simu. Wengi hawakuacha namba.

Mjomba hakujitetea. Alizima mashine, akachukua funguo. "Tunaanza na mtaa upi?"

Walitoka pamoja, jua likiwa bado juu. Saa kama hizi watoto hujaa barabarani na mipira yao, mpaka wapita njia wanawafokea. Leo barabara ilikuwa tupu. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo mlangoni aliweka kidole mdomoni mwake kuwaashiria wasipige kelele, akitabasamu.

"Polepole, jamani," alinong'ona. "Wangu ndiyo kwanza amelala. Dawa imemsaidia kweli."