Haina Mchanga Hata Punje

Nimetembea machimbo mengi, Mwadui mpaka Geita, na uongo nimeusikia wa kila rangi. Lakini ule wa soko la Isaka, kila nikiukumbuka shingo inanivimba.

Theopista, mjane kutoka Ushirombo, husubu sufuria pale sokoni. Anayeyusha pistoni chakavu za malori, anamimina kwenye kalibu ya mchanga, inatoka sufuria nzito ya kusongea bugali wa msiba. Siku hizo mimi nilikuwa namvukutia moto, naye ananipa chakula cha mchana.

Asubuhi moja akaja Mageni, mwenyekiti wa soko. Nyuma yake Benjamini, mwenye duka la sufuria za kiwandani, simu mkononi.

"Mama Klara," Mageni akamwambia Theopista, "nasikia unawalisha watu mchanga."

"Mchanga gani tena, mwenyekiti?"

Benjamini akasoma kwenye simu kama anasoma Injili. "Pistoni ina silikoni. Silikoni inatoka kwenye mchanga. Umeona? Sufuria za mchanga hizi!" Na kumbe habari hiyo ameshaituma kwenye kundi la wafanyabiashara wote wa soko.

"Saa sita mchana uwe umefungasha," Mageni akasema.

Bila hata swali moja! Miaka tisa mwanamke yuko pale, nusu ya harusi za Isaka zinapikiwa kwenye sufuria zake, halafu afukuzwe kwa sababu mtu kasoma mistari miwili akaishia katikati!

Nikasimama. Shule niliiokota vipande vipande, nusu darasani nusu karakana, lakini hili nalijua.

"Benjamini, mchanga ni silikoni iliyoshikana na oksijeni. Ndoa ya kanisani hiyo, kuivunja kunataka tanuru la kiwanda. Ikishavunjwa, silikoni si mchanga tena. Na kwa alumini haiolewi. Kwenye moto inayeyukia humo kama chumvi kwenye maji. Ikipoa inajitenga, inakuwa vipunje vigumu ndani ya alumini, kama karanga kwenye kashata. Vipunje hivyo ndivyo vinavyoipa sufuria ugumu. Na silikoni hiyohiyo ndiyo inayoufanya uji wa moto utiririke ujaze kalibu."

"Mzee, wewe injinia wa wapi?"

"Wa barabarani."

Watu waliokwisha kujaa wakacheka. Theopista hakucheka. Alikuwa anaangalia jua.

"Benjamini, kwako alumini safi ni ipi?" nikamuuliza.

"Makopo ya soda. Hayo hayana mambo yako."

"Yalete."

Akaleta gunia zima. Nikavukuta mpaka mikono ikaniuma. Theopista akayeyusha makopo, akaengua takataka, akamimina kwenye kalibu ya kwanza. Uji ukaenda kwa uvivu, ukaganda njiani. Kisha akayeyusha pistoni, akamimina kwenye kalibu ya pili. Huo ulikimbia kama maji ya mvua mtaroni.

Zikapoa. Akavunja kalibu mbele ya macho ya watu. Sufuria ya pistoni ilitoka kamili, na masikio yake mawili. Akaigonga kwa nyundo, ikalia kama kengele. Ya makopo ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi kitakoni, na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni.

Benjamini akaanza kufuta ujumbe kwenye simu. Kuomba radhi? Hakuna. Mageni akakohoa.

"Basi, Mama Klara, utabaki. Ila hizo pistoni ziache. Tumia makopo, watu wasiwe na wasiwasi."

Nilifungua mdomo, na kilichotaka kutoka si cha kuandikwa. Theopista akanishika mkono. Akaichukua ile sufuria yenye tundu, akaifuta vizuri kwa pindo la kanga, akapiga goti kidogo kwa adabu na kumkabidhi Mageni kwa mikono miwili.

"Mpelekee mkeo Mama Rebeka nyumbani, mwenyekiti. Asongee bugali wako leo. Haina mchanga hata punje."

Soko likaangua kicheko. Mageni alibaki ameishika, mwanga wa jua unapita kwenye tundu na kuangukia viatu vyake. Saa sita ilishapita, na hakuna aliyeitaja.

"Mzee," Theopista akaniambia, huku akitupia pistoni nyingine motoni, "vukuta."