Koti la Mgeni

Koti la kaka yangu lilikuwa zito kama godoro lililonyeshewa, na sura yake ndiyo hiyohiyo. Mabega yamepauka, zipu imekufa zamani, akifunga kwa pini. Lakini miaka yote aliyobeba mizigo ya wageni mlimani, koti hilo lilimpandisha na kumrudisha.

Safari hii hakulivaa, na aliyemkataza ni mkewe.

Mimi na wifi yangu tunafanya kazi nyuma ya stoo ya vifaa vya kukodisha. Tunafua makoti na mifuko ya kulalia, tunashona palipochanika, tunatundika. Kila koti lina namba ya njano mgongoni, maana yake ni la mgeni. Sisi letu ni jasho lake tu.

Wapagazi huishia kambi ya mwisho. Kileleni, penye theluji, huenda mgeni na viongozi. Sasa kiongozi msaidizi akashikwa na homa, na kiongozi mkuu, tunayemwita Taratibu kwa kuwa ndilo neno lake kutwa kucha, akamwambia kaka, "Utapanda na mimi hadi juu. Ukiweza, nitakupendekeza uwe kiongozi." Kaka alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

"Kileleni na gunia hilo?" wifi akamcheka. "Mume wangu, mgeni atadhani umeokotwa jalalani." Akavuta chini ya kitanda koti jekundu alilolitoa stoo kwa siri, jepesi, lenye manyoya ndani. Kaka akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akacheka. La zamani likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Jamani, mapenzi haya!

Mizigo hushuka kabla ya watu, maana wapagazi hawana muda wa kupiga picha. Magunia yalipofika mchana, wapagazi waliyatua mlangoni wakaondoka haraka bila hata salamu, nikaanza kuyafungua. Koti jekundu lilikuwa ndani ya gunia la pili, limekunjwa vizuri, na mfukoni mna karatasi za pipi. Kaka hali pipi, meno yake mabovu. Wifi akalishika, akalinusa. Lilinukia manukato.

"Hili alikuwa nalo mtu mwingine," akasema.

Taratibu akaingia, kofia mkononi.

"Upepo ulitukamata karibu na kilele," alisema akiangalia ndoo zetu. "Mgeni akaanza kutetemeka vibaya. Nikaiona namba mgongoni mwa ndugu yenu. Nikamwambia avue, hilo ni la mgeni. Nilidhani lake liko kwenye begi. Lile lake huwa haliachi."

"Akasema nini?" nikauliza.

"Hakubisha. Alivua. Akasema tutangulie, anakuja. Mgeni alikuwa amenilalia begani, sikugeuka. Tuliporudi tukamkuta ameketi kwenye jiwe, amejikunyata. Alishakufa. Upepo ulitukatalia kumbeba."

"Na mgeni?"

"Alifika kileleni."

Najua kwa nini kaka alinyamaza. Angesema hana koti jingine, angeulizwa lile la stoo amelipataje, na mkewe angefukuzwa kazi. Akaona bora avumilie baridi kidogo. Mpagazi amezoea kuvumilia, ndio ujinga wetu huo.

Niligeuka nimrukie wifi. Matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, na mengine sikujua kama ninayajua. Kumbe ameshatoka mbio.

Nilimkuta kwenye geti la mlima. Wanaume wanne walikuwa tayari na machela kwenda kumchukua kaka, naye amesimama mbele yao, miguu mitupu, amelikumbatia lile koti la zamani.

"Mvisheni," aliwaambia. "Huko juu kuna baridi."

Waliangalia chini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wifi akabaki amelinyoosha koti lile zito, na pini zote zilikuwa zimedondoka njiani alipokuwa akikimbia.

Nikachomoa pini nilizozoea kuzichomeka kwenye gauni langu la kazi. Nikazitia mkononi mwa yule aliyekuwa karibu.

"Zipu yake haifungi," nikamwambia. "Mtatumia hizi."