Mstari Mmoja wa Mjomba Spika

Mjomba wangu ni fundi rangi, na kwa mdomo wake tulimbatiza Spika. Akimsalimia mtu ng'ambo ya barabara, vichanga huamka. Kwa hiyo alipopewa mstari mmoja kwenye filamu, sisi tuliwahurumia watazamaji.

Filamu yenyewe ilikuwa ya enzi hizo, ya mmisionari aliyepita huku na Biblia, mwavuli na msururu wa wapagazi. Mnyapara wao wa kweli alikuwa babu wa mama na mjomba. Mmisionari alipozidiwa na homa kwenye kinamasi, wapagazi walitaka kumwacha waokoe masanduku. Babu akawaambia, "Wekeni mizigo, bebeni mtu."

Huo ndio urithi wetu, shamba hatukuachiwa. Mama aliyasema maneno hayo tukihama nyumba, akayasema tena ndugu walipogombea kabati la marehemu baba.

Basi mama alimfuata mwongozaji mpaka hemani kwake, akamsimulia. Mwongozaji akamwita mwandishi wake mbio. "Mama, hii ni dhahabu!" Mjomba akapewa kumwigiza babu.

Siku ya kupiga kipande chake, Spika alisimama kwenye matope, akaunguruma mstari wake hadi ndege wakatawanyika. Mama alilia. Pembeni, fundi sauti alikuwa amelaza chini ule mti wake mrefu wenye kinasa sauti, kajikalia juu ya kreti.

"Afadhali apumzike, maskini," mama akasema. "Tangu asubuhi kanyanyua mikono kama mtoto aliyeadhibiwa."

Akampelekea chai. Nikamwongezea na sukari, bwege mkubwa mimi.

Filamu ilipotoka tulikwenda ukoo mzima. Mjomba alinyoa, mama akavaa viatu vinavyombana. Kipande cha kinamasi kikafika. Mdomo wa mjomba ukafunguka, ukafumbika. Kilichosikika ni fidla tu.

"Spika imeungua," nikamnong'oneza mama. Hakucheka.

"Ngoja. Watarudia."

Kweli walirudia. Mbele kidogo mpagazi mmoja akaanguka, na mmisionari, mzima wa afya, akamwinamia kwa jicho la huruma. "Wekeni mizigo," akasema taratibu, "bebeni mtu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu akapenga kamasi. "Jamani, yule baba alikuwa na moyo!"

Njia nzima mjomba hakufungua kinywa, jambo ambalo hata ugonjwa haujawahi kumfanyia. Tulipofika mlangoni akasema, "Labda nilipaza sana, dada."

"Ulisema vizuri," mama akamjibu, huku akivua viatu. "Hebu sema tena, tukusikie sisi."

Mjomba akainama, akamwokotea viatu, akaingia navyo ndani.

Mvua zilipokuja, maji yaliingia nyumba ya jirani. Tulikimbilia kusaidia. Vijana walikuwa wanatoa televisheni, friji, makochi, wakipigiana kelele za tahadhari, na ndani mzee wa nyumba, ambaye miguu ilishamkataa, yuko kitandani, maji yamefika kwenye godoro.

"Wekeni mizigo!" mama akapiga ukelele. "Bebeni mtu!"

Vijana wakaliacha kochi palepale. Mjomba akashika mabega, wao miguu, mzee akatoka. Mmoja wao, anahema, amelowa chapachapa, akamgeukia mama kwa furaha.

"Mama! Kumbe na wewe umeiona ile filamu!"

Mjomba akainua uso kumtazama dada yake. Mama alikuwa akikamua pindo la gauni lake.

"Nimeiona, mwanangu," akasema. "Rudini mkachukue kochi."