Nyota Tatu za Mwenye Nyumba

"Mguu wa kushoto bado," Zipporah alisema.

Elinaja akauinua mguu wa mzee Tarsem taratibu, akaupitisha kwenye mbeleko. Mbeleko ni jina walilolipa wenyewe lile turubai la bluu linalofungwa kwenye mashine ya kumnyanyulia mgonjwa. Zipporah akabonyeza kitufe, mashine ikakoroma, na mzee akainuka hewani juu ya kitanda chake miguu ikining'inia.

"Winchi hii hapana kula grisi," Tarsem alisema kutoka juu. Alikuwa fundi wa magari Kisumu kabla ya kuja London, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha gereji. "Sikia yeye nalia."

"Tulia, Bwana Tarsem. Ukicheka utabembea."

Walimsogeza hadi juu ya kiti, wakamshusha. Kabla kichwa hakijagusa mto, Elinaja alikuwa ameshatanguliza kiganja nyuma ya shingo ya mzee. Kwenye mafunzo hawakufundishwa hivyo. Zipporah alikuwa ameuona mkono ule kila asubuhi waliyofanya kazi pamoja, na kila mara alifurahi moyoni bila kusema kitu.

Nyumba ilikuwa baridi. Tarsem hakuwasha hita mchana tangu bei ya gesi ipande tena. Alikaa na kofia ya sufu na blanketi mbili. Zipporah alimtengenezea chai ya maziwa, akamwekea kikombe mahali mkono wake mzuri unapofika. Kisha akatoa simu ya kazini, kwa sababu kila ziara ilipoisha mgonjwa alitakiwa kubonyeza nyota, moja hadi tano.

"Lete nibonyeze mwenyewe," Elinaja alinong'ona.

"Usimwibie mzee maksi zake."

Tarsem alinyoosha kidole kinachotetemeka, akagusa nyota ya nne, akaacha hapo. "Ya tano siku nyinyi napeleka mimi Kisumu kula samaki."

"Sawasawa kabisa," Zipporah alisema, na wote wawili wakacheka. Huu ulikuwa utani wao wa kila siku. Zipporah alikuwa mwalimu wa darasa la tatu Machakos kwa miaka mingi, na hakuwahi kumpa mtoto tano juu ya tano kwenye insha. Mtoto mwenye akili sana alipata nne. Mtoto mzuri alipata tatu, na chini yake maneno: Vizuri, endelea hivyo. Watoto walikimbia nyumbani na ile tatu kuwaonyesha mama zao.

Elinaja hakucheka. Alikuwa akikunja mbeleko.

Wakiwa mlangoni simu ililia. Alikuwa Bridget wa ofisini, binti wa Kikenya aliyepanga ratiba zao.

"Auntie, pole kukusumbua mkiwa kazini. Kuanzia mwezi ujao huyo mzee Tarsem anapewa watu wengine. Wewe na Elinaja mtapelekwa pengine."

"Kwani amelalamika?"

"Hapana. Ni sistimu imepanga."

"Sistimu ndiyo nani, Bridget? Huyu mtu ametuzoea. Anajua tunavyomshika."

"Aki Auntie, usiniulize mimi. Mimi naona tu kwa skrini. Lakini kama nyota zikipanda kabla mwezi uishe, inaweza kubadilika."

Simu ikakatika. Zipporah hakuzingatia yale maneno ya mwisho. Alikuwa akifikiria namna ya kumwambia mzee. Hakumwambia. Alirudi tu kumvutia blanketi magotini.

"Mwalimu," Tarsem alisema, "leo wewe nakwenda ona mieleka ya huyu kijana?"

"Nakwenda."

"Zamani mimi naona mieleka kwa televisheni kila Jumamosi. Bibi yangu nakasirika, chakula napoa. Sasa wewe kuwa macho yangu. Angalia vizuri, halafu lete mimi maksi. Hapana ya kupendelea. Maksi ya Machakos."

"Ya Machakos," Zipporah alikubali.

Kwenye kituo cha basi Elinaja alimshikia mwavuli. Alikuwa kijana wa Same, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alikuwa mtunza wagonjwa asubuhi, mpakia mizigo ghalani siku tatu kwa wiki, na mwanamieleka siku chache mtu alipomwita.

"Mama Mwende, ukishaona, utapiga nyota kwenye simu yako," alimwambia Zipporah, akimwita kwa jina la mwanawe. "Kila pambano lina zake. Likipata wastani wa nne kwenda juu, tunaitwa kwenye ukumbi mkubwa, mwezi wa tatu. Kule wanalipa kweli. Nikiitwa kule, naacha ghala. Nitalala usiku kama watu."

"Na ukikosa?"

"Kikosi kimejaa. Nikikosa safari hii, Eddie, mwandaaji wetu, hana nafasi ya kuniita tena."

"Basi cheza vizuri, baba."

Alitaka kumuuliza zaidi, lakini basi lilifika, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa mwingine upande wake wa mtaa wa Edmonton.

Saa tisa alasiri Zipporah alifika kwenye ukumbi wa jamii uliokuwa nyuma ya maegesho ya magari. Alikuwa bado na sare ya kazi chini ya koti. Ulingo ulisimama katikati ya viti vya kukunja, na juu yake dari ilikuwa na doa la maji. Chai ya kikombe cha karatasi ilikuwa bei ya mkate mzima na nusu. Aliitazama, akanywa maji yake. Karatasi yenye alama ya kusomwa na simu ili kupiga kura ilibandikwa nyuma ya kila kiti, na yeye hakujua aifanyeje.

"Bibi, nipe simu nikufungulie," alisema mwanamke aliyekaa kando yake. Alikuwa amemsikia Zipporah akiongea kwa simu, akatambua lugha. Aliitwa Shenaz, mtu wa mtaa wa Kenton, wazazi wake wa Mombasa. "Sasa hivi, wagusa hapa, basi. Na hizi chipsi kula, mie sizimalizi." Kisha akageuza uso upande wa pili kwa heshima, kama mtu asiyetaka kuchungulia kura ya mwenzake.

Pambano la kwanza lilikuwa la wasichana wawili. Mmoja alisahau aanguke wapi, akachelewa. Zipporah aliwapa mbili. Bado wanajifunza, alijisemea, watafika. La pili lilikuwa la wanaume wanne na kelele nyingi. Mbili pia.

Taa zikazimwa, na Elinaja akatoka.

Zipporah hakumtambua kwanza. Alivaa suti ya kijivu na tai nyekundu, nywele zimepakwa mafuta, mkononi ameshika funguo nyingi kama za gereza. Jina lake ulingoni lilikuwa Mwenye Nyumba. Aliipokea maiki na kutangaza kwa Kiingereza kwamba kodi inapanda kuanzia leo, kwamba ukungu ukutani ni pumzi zenu wenyewe, na mwenye mtoto alipe zaidi kwa sababu mtoto naye anakanyaga zulia.

Ukumbi mzima ulisimama kumzomea. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja alimtupia kofia. Zipporah alijikuta naye amesimama.

"Nenda zako! Rekebisha bomba kwanza!" alipaza sauti kwa Kiswahili, na Shenaz akacheka hadi akashika mbavu.

Mpinzani alikuwa Ryan, kijana mwembamba aliyevaa kama tarishi. Mwenye Nyumba alimkanyaga vidole, akamziba macho kwa tai, akamnyanyua juu ya kichwa chake huku watu wakilia, "Hapana, hapana!" Akamtupa. Mbao za ulingo zililia, na Shenaz akafumba macho.

Zipporah hakufumba. Alikuwa ameona. Ryan alipokuwa bado hewani, kiganja cha Elinaja kilipita nyuma ya shingo yake, kikakaa pale mpaka mgongo ulipogusa chini, ndipo kikaondoka upesi kama kilichoiba. Ni mkono ule ule. Watu walimwita mnyama, naye alikuwa akimlaza mtu kama anavyomlaza Bwana Tarsem.

Mwishoni tarishi alizinduka, akamfunga Mwenye Nyumba kwa tai yake mwenyewe, akamlaza chali. Watu walikumbatiana kama waliofutiwa deni. Zipporah alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Akafungua simu. Aliwaza kama alivyowaza zamani na rundo la madaftari mbele yake. Amecheza vizuri sana. Sauti ilimezwa kidogo mwanzoni. Na ameshindwa, ingawa ndivyo walivyopanga. Hapana ya kupendelea. Aligusa nyota ya tatu, maksi ya juu kuliko zote alizotoa siku ile, akatuma, na moyo wake ukajaa fahari.

Baadaye alimsubiri mlango wa nyuma. Elinaja alitoka akiwa na sweta lake la kawaida na barafu imefungwa kwa taulo begani. "Umeniona, Mama?"

"Nimekuona. Nimekuzomea mpaka koo linauma."

Alicheka kama mtoto. Hapo Eddie, kijana wa Kikenya aliyeandaa onesho, akaja ameshika simu, uso umemshuka.

"Buda, pole. Tatu nukta tisa."

Elinaja aliitazama ile namba. "Watu walisimama, Eddie."

"Nimeona. Ilikuwa moto. Lakini waliopiga kura ni wachache, wengine simu hazina bando. Karibu wote wamekupa nne. Halafu kuna mtu amekaa hapo ndani anagawa mbili, mbili, tatu, kama anachapa watu viboko. Amewashusha wote. Kwani hatujui watu wa aina hiyo? Anakuja kutuharibia tu."

"Huwezi kuwaambia wale wa ukumbi mkubwa? Ni nukta moja tu."

"Hawaangalii, bro. Hawajawahi hata kuona show yetu. Kompyuta inawapa majina ya nne kwenda juu, basi. Mimi ningekuita, unajua ningekuita." Eddie alimgusa bega lisilo na barafu, akaenda kukunja viti.

Elinaja aliuchukua mkoba wa Zipporah bila kuombwa, akautundika mkononi. Walitembea kuelekea kituo cha basi. Mvua ilikuwa imekwisha, na maji yalitiririka kando ya barabara. Kila hatua Zipporah alijiambia aseme, na kila hatua akaipita.

"Ile tatu ni yangu," alisema mwishowe.

Elinaja aligeuka. "Tatu gani?"

"Na zile mbili pia. Ni mimi niliyegawa. Nilidhani nakusifia, mwanangu. Mimi tatu ndiyo ya mtoto mzuri."

Zipporah alisubiri hasira, akatamani ije. Elinaja alivuta pumzi tu, akahamisha mkoba mkono wa pili.

"Huku tatu ni kufukuzwa, Mama," alisema polepole. "Kazini hata nne. Unadhani kwa nini wanatuondoa kwa mzee Tarsem? Kila siku anatupa nne. Ofisi inataka nne na nusu, walitutumia ujumbe mwaka jana."

"Mimi sikuuelewa ule ujumbe." Zipporah alisimama. "Kwa hiyo wewe ulijua. Asubuhi ukataka kubonyeza mwenyewe, nikakuita mwizi."

"Hukuniita mwizi."

"Nilikuita. Mbona hukuniambia?"

"Mlikuwa mnacheka, wewe na yeye. Ile ndiyo furaha yake ya siku nzima. Ningeivunjaje?" Akaongeza, "Na za leo, niliona aibu kukuomba. Nilifikiri kila mtu anajua."

Zipporah alitaka kumwambia juu ya ule mkono nyuma ya shingo, kwamba ameuona, kwamba kwa ajili ya mkono ule peke yake angempa zote na zaidi kama pangekuwa na mahali pa kuuandika. Lakini yeye ndiye aliyeuona akampa tatu.

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Panda basi, utachelewa kwa mgonjwa wako wa jioni." Alimrudishia mkoba. "Mimi naenda ghalani."

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, walimnyanyua mzee Tarsem kama kawaida. Bega la Elinaja lilikuwa limevimba, na Zipporah alichukua upande mzito. Mkono ulitangulia nyuma ya shingo. Mzee alikaa, kofia yake ikanyooshwa, chai ikawekwa.

"Haya, Mwalimu. Maksi?"

Elinaja alikuwa akikunja mbeleko, mgongo kwao.

"Tano," Zipporah alisema.

"Tano?" Tarsem alimkazia macho. "Wewe? Tano juu ya ngapi?"

"Tano juu ya tano, Bwana Tarsem."

"Lazima mieleka kubwa sana." Akatikisa kichwa kwa mshangao, akafurahi. Kisha akanyoosha kidole kama kila siku. "Lete simu. Mimi naweka yangu. Leo pia hapana Kisumu."

Zipporah alikuwa amesimama dirishani, amempa kisogo. Simu ilikuwa mkononi mwake chini ya aproni. Alibonyeza nyota zote tano kwa kidole chake mwenyewe, skrini ikamshukuru, akaizima.

"Imeshamaliza, mzee wangu," alisema. "Siku hizi inajaza yenyewe."

"Yenyewe?" Kidole kilibaki hewani kidogo, kikitetemeka, kisha kikashuka juu ya blanketi. "Sasa mimi nafanya nini?"